Dawa ya injini au fundi pampu? Mjadala wa Kanoni

Msimu wa kahawa, pikapu moja hapa Kanoni hubeba riziki ya nyumba nyingi. Asubuhi inapeleka mikungu ya ndizi Omurushaka, mchana inarudi na mabati na saruji, usiku inaweza kuamshwa kumkimbiza mjamzito hospitali ya Nyakahanga. Nyingi ni Toyota Hilux za dizeli, zenye injini za 3L na 5L, zilizoingia nchini zikiwa mitumba na kupita kwa wamiliki wawili watatu kabla ya kufika kwetu. Pikapu ya namna hiyo ikianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani, mabishano huanza: tuitie dawa ya kusafisha injini, au tuipeleke kwa fundi pampu?

Nimeyapanga mabishano hayo kwa sauti tano: mwenye pikapu, muuza spea, fundi wa gereji, mwalimu wa ufundi wa magari, na mama anayekodi pikapu kusafirisha ndizi. Sauti nimezitunga kutokana na hoja zinazozunguka kwenye gereji zetu. Msomaji asitafute nani ni nani. Upande wangu ninao, na nitausema, kwa sababu fedha inayopotea kwenye matengenezo ya kubahatisha ndiyo ada ya mtoto na bima ya afya ya familia.

MWENYE PIKAPU: Nieleze kwanza hali yake. Ni 5L. Ikiwa tupu inakwenda vizuri. Nikipakia tani moja, mlimani inatoa moshi mweusi mpaka walio nyuma yangu wanafunga vioo. Asubuhi inachelewa kuwaka, na ikiwaka inatetemeka kidogo ndipo itulie. Dizeli inakunywa kuliko zamani. Nimeambiwa kuna chupa unamimina kwenye tenki, unajaza mafuta, unatembea. Kumpelekea fundi pampu Bukoba ni siku nzima bila kazi, na huenda nikalala huko. Chupa iko hapa hapa dukani. Kwa nini nisianze nayo?

MUUZA SPEA: Kaka, uko sahihi. Ncha ya nozo, pale dizeli inapopulizwa ndani ya injini, ni kitu kidogo mno. Dizeli ikiungua inaacha masizi, na masizi yakiganda pale, mafuta hayatoki tena kama ukungu, yanatiririka. Yakitiririka hayaungui yote, na hayo yasiyoungua ndiyo moshi wako. Dawa inalainisha masizi, yanapita, yanaungua, yanatoka kwenye ekzosi. Na msidhani hili limebuniwa na sisi wa madukani. Marekani, tangu Januari 1995, serikali yao imeagiza petroli yote inayouzwa kwa magari iwe na kisafishio ndani. Kingekuwa hakifanyi kazi, wangekilazimisha?

MWALIMU: Hilo la Marekani ni kweli kabisa, na ni hoja nzito. Ila tulifuate mpaka mwisho. Kisafishio chao kinatiwa bohari, kidogo kidogo, katika kila lita, tangu gari likiwa jipya, ili uchafu usijijenge. Wewe unamuuzia mtu chupa moja aondoe uchafu wa miaka kumi na tano kwa tenki moja. Inaweza kupunguza, sikatai. Kemikali zenyewe zipo na zinafanya kazi: molekuli yake upande mmoja inashika masizi, upande wa pili inayeyuka kwenye mafuta. Lakini kuna historia nyingine ya Marekani hao hao. Mwaka 1997, tume yao ya biashara, FTC, iliwabana wenye Slick 50, dawa iliyokuwa inatiwa kwenye oili, kwa sababu matangazo yalidai inapunguza ulikaji wa injini bila ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo si kila chupa ni ya uongo, wala si kila lebo ni ya kweli.

FUNDI: Mimi naomba tutenganishe kwanza. Kwenye rafu ya duka kuna vitu vitatu vyenye jina moja. Kuna ya kumimina kwenye tenki: hiyo inasafisha pale mafuta yanapopita tu, yaani pampu na nozo. Kuna ya kumimina kwenye oili kabla ya kuimwaga: hiyo inafuata oili, inakwenda kwenye biringi, kwenye ringi, kwenye kamshafti. Na kuna ya kupuliza kwenye njia ya hewa. Mteja anakuja anasema "nipe dawa ya injini", anapewa yoyote iliyopo. Halafu anategemea ya tenki imsafishie njia ya hewa! Kwenye dizeli mafuta yanapulizwa ndani, hayagusi njia ya hewa hata tone. Masizi ya huko huyatoi kwa chupa ya tenki, hata umimine katoni nzima.

Hapo fundi amesema jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila duka la spea kuanzia Kayanga hadi Murongo. Hasara nyingi inatokana na kumimina kitu kizuri mahali pasipohusika.

MWENYE PIKAPU: Sawa, ya kwangu ni nozo, na nozo inapitiwa na mafuta. Basi chupa ya tenki inanifaa.

FUNDI: Nani amekwambia ni nozo?

MWENYE PIKAPU: Moshi mweusi.

FUNDI: Moshi mweusi unasema jambo moja tu: mafuta ni mengi kuliko hewa. Aidha mafuta yamezidi, au hewa imepungua. Filta yako ya hewa umeifungua lini? Wewe unashinda kwenye barabara ya Omurushaka kwenda Murongo. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, vumbi linaingia mpaka kwenye redio. Filta ikijaa, injini inakosa pumzi, inatoa moshi, na nozo zinaweza kuwa nzima kabisa.

MWALIMU: Na kuna hewa yenyewe ya hapa kwetu. Sehemu kubwa ya Karagwe iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, kama 5L yako, inavuta ujazo ule ule wa hewa iliyo nyepesi zaidi, lakini pampu inatoa dizeli kama vile iko pwani. Kwa hiyo moshi kidogo ukiwa na mzigo mlimani si ugonjwa. Unakuwa ugonjwa unapozidi ule uliouzoea.

FUNDI: Tena wengine wanajitakia. Gari likikosa nguvu, mtu anafungua skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke. Kweli siku mbili linavuta. Baadaye linachemsha, pistoni inapata joto kupita kiasi, na moshi unakuwa wingu. Mtu huyo huyo anakuja kuomba dawa ya moshi.

MUUZA SPEA: Naona mnanipiga kwa zamu. Haya, filta ya hewa ibadilishwe, mimi ninazo. Lakini mafuta yetu nayo? Vijijini watu wanauziwa dizeli kwenye madumu. Si itakuwa na uchafu? Si ndiyo maana dawa inahitajika?

MWALIMU: Tuwe waadilifu kuhusu mafuta. Tangu 2010 mafuta yanayouzwa nchini hutiwa vinasaba vya kuyatambulisha, kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri. Dizeli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Kuanzia 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zikashusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli ya kituo cha kuaminika leo ni safi kuliko ile ya miaka ya tisini. Tatizo ni safari yake baada ya kutoka kituoni.

FUNDI: Tatizo ni maji. Ngoja niwaonyeshe, maana hili halihitaji vyeti. Chini ya filta ya dizeli ya Hilux pana kizibo cha kumwagia, na juu yake pana pampu ya mkono. Tafuta chupa ya kioo, ile ya jamu inatosha. Iweke chini ya kizibo, kilegeze, bonyeza pampu mara kadhaa mpaka chupa ifike nusu, kaza. Iache itulie dakika kumi. Dizeli itakaa juu. Kama kuna maji, yatakuwa chini, na mpaka kati yake utauona bila miwani. Ukizungusha chupa taratibu, utaona na chembe za kutu zikitembea sakafuni. Kutu hiyo imetoka kwenye tenki lako. Usiku wa huku ni wa baridi. Tenki likilala nusu, unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta za ndani na kudondoka. Ongeza na dumu lililokaa mvuani. Sasa dawa itakusaidia nini hapo? Nyingine zenye alkoholi zinayachukua maji na kuyapitisha kwenye pampu. Umeyatoa mahali pa kuyamwaga, umeyapeleka mahali pa kuharibu.

MWENYE PIKAPU: Kuna waliosema nichanganye lita mbili za mafuta ya taa kwenye tenki, yanasafisha.

FUNDI: Waliokwambia hivyo hawakupendi. Pampu ya 5L haina oili yake. Inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi. Chuma kinasagana na chuma.

Nimesikia ushauri huo wa mafuta ya taa ukitolewa kwa kujiamini na watu wazima wenye leseni za miaka mingi. Ni ushauri mbaya, na unastahili kukanushwa kwa sauti ile ile unaotolewa nayo.

MUUZA SPEA: Basi tuje kwenye oili, maana hapo hamtaniweza. Angalieni oili za pikapu za hapa zinapomwagwa: nyeusi tititi, nzito. Injini yenye oili ya namna ile ni chafu ndani. Chupa ya kusafishia unaitia kwenye oili ya zamani, injini inanguruma sailensa, bila kukanyaga mafuta, dakika kumi, unamwaga, uchafu wote unatoka. Nimeona kwa macho yangu: kinachotoka ni kama lami.

MWALIMU: Mdogo wangu, oili ya dizeli kuwa nyeusi ni dalili kwamba inafanya kazi yake. Miaka ya mwanzo ya 1930, injini za dizeli za Caterpillar zilikuwa zinanasa ringi, kwa sababu oili ya wakati ule haikuweza kubeba masizi. Yalibaki yanaganda kwenye pistoni. Kampuni ya Standard Oil of California ikatengeneza oili yenye kisafishio ndani yake, ikaiingiza sokoni mwaka 1935 kwa jina la Delo. Kila oili ya dizeli unayouza leo ni mzao wa wazo lile. Kisafishio kimo tayari! Kazi ya oili ni kuyabeba masizi yakiwa yametawanyika, ndipo inakuwa nyeusi, ndipo unaimwaga. Oili ikibaki inang'aa baada ya kilomita elfu tatu kwenye dizeli ya zamani, ndipo nitaogopa.

FUNDI: Na ile lami aliyoiona, niieleze ilivyo hatari. Injini ambayo haikumwagwa oili kwa wakati ina utando mzito umeganda kwenye karta, yaani bakuli la oili, na chini ya kava la juu. Umekaa miaka, umetulia. Unamimina dawa kali, utando unabanduka vipande vipande. Vipande havitoki vyote kwa kizibo. Vingine vinavutwa na pampu ya oili, vinakaa kwenye chujio lake la wavu chini ya karta. Wavu ukiziba, oili haipandi. Taa nyekundu ikiwaka ukiwa katikati ya mlima, biringi za krenki zimeshaanza kuliwa. Na wale wanaosafisha kwa kumimina lita ya dizeli kwenye oili halafu wanaendesha mpaka Kayanga "ili ipate moto", hao ndio wanaonipa kazi. Oili ikishakuwa maji, haiwezi kutenganisha chuma na chuma chini ya mzigo.

MWALIMU: Nikubaliane nusu. Injini ambayo kumbukumbu zake za oili zinajulikana, inayomwagwa oili kila kilomita 5,000 kama inavyotakiwa, chupa hiyo haitaidhuru ukifuata lebo: sailensa tu, dakika zilizoandikwa, bila kutembea, mwaga ikiwa ya moto, badilisha na filta. Lakini injini iliyotunzwa namna hiyo haiihitaji sana. Iliyotelekezwa ndiyo inayoihitaji, na hiyo ndiyo isiyoiweza. Kwa iliyotelekezwa njia ya polepole ni salama zaidi: tia oili nzuri ya dizeli, itembee kilomita elfu moja, mwaga pamoja na filta, tia nyingine, rudia. Kisafishio kilichomo kwenye oili kitaubandua utando kidogo kidogo. Gharama inaweza kulingana na ya chupa mbili tatu.

MUUZA SPEA: Mnasema hivyo kwa injini za zamani. Kuna watu sasa wana Hilux za D-4D. Mfumo wao ni wa kisasa, nozo ni za kompyuta. Hizo lazima zipate dawa.

FUNDI: Hizo ndizo za kuogopa zaidi. Nozo ya 5L inafunguka kati ya baa 100 na 160. Ya D-4D inafanya kazi kwa baa zaidi ya 1,000, na nafasi kati ya vipande vyake ni ndogo kuliko unywele mara nyingi. Chembe moja ya kutu inatosha. Kwa hiyo kwake maji na filta ndiyo habari ya kwanza, tena filta halisi. Dawa ya tenki yenye jina na maelekezo ya dizeli siikatazi. Lakini D-4D zenye injini ya 1KD zina tabia moja mafundi wanaijua: sili za shaba chini ya nozo zikianza kupitisha, moshi wa moto unapanda, unageuza oili kuwa masizi mazito, na yale masizi yanakwenda kuziba ule wavu niliousema. Mwenye gari anaona oili imekuwa nzito, anaitia dawa ya kusafisha. Kumbe sili zilitaka kubadilishwa.

Kwa muda wote huu mama wa ndizi alikuwa kimya. Nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa kwenye gereji pia ndivyo anavyowekwa, ingawa fedha ya mafuta ya safari huwa imetoka kwake.

MAMA WA NDIZI: Waitu, mimi sijui nozo. Najua mikungu yangu ikikatwa imekatwa. Ikikaa njiani siku mbili juani inaanza kuiva, na mnunuzi wa Omurushaka anataka mbichi. Pikapu ikikwama, mwenye gari anaita fundi, fundi analipwa, muuza spea analipwa, mimi ndiye nashusha bei. Nilishapata hasara ya namna hiyo na hakuna aliyeniuliza. Sasa nauliza mimi: mtu akijaribisha chupa kwenye injini asiyoijua, kwa nini ajaribishe siku yenye mzigo wangu?

MWENYE PIKAPU: Mama, hilo ni halali yako.

MAMA WA NDIZI: Basi nijibuni. Inapimwaje kabla ya kumimina kitu?

FUNDI: Kwa 5L inawezekana hapa hapa, bila Bukoba. Kwanza maji na filta mbili, ya hewa na ya dizeli. Pili, injini ikiwa sailensa, nafungua kizibo cha oili. Ukiona moshi unapiga kwa nguvu kama unasukumwa, ringi zimechoka, na hakuna dawa ya ringi iliyolika. Tatu, nalegeza nati ya bomba la nozo moja moja. Nikilegeza ya kwanza injini ikitetemeka, silinda hiyo inafanya kazi. Nikilegeza ya tatu na mlio usibadilike, tatizo liko kwenye ya tatu. Hii msiifanye kwenye D-4D hata kwa bahati mbaya. Dizeli yenye msukumo ule inapenya ngozi ya mkono. Nne, nafungua plagi za joto, napima mgandamizo wa silinda zote nne.

MWALIMU: Na namba zipo. Injini za familia hii zikiwa nzima zinasoma baa 30 na ushee. Mwisho wa kuvumilika ni kama 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Bila namba hizo, muuzaji na mnunuzi wa chupa wote wanakisia.

Upande wangu ni huu. Chupa ya tenki ina nafasi yake: kwenye injini ya zamani yenye mgandamizo mzuri, maji yameshamwagwa, filta mpya, na nozo zilizoanza tu kuchoka. Hapo inaweza kurudisha utulivu wa asubuhi na kupunguza moshi, na bei yake si kubwa. Ya oili nisingeiruhusu kwenye pikapu yoyote ya mtumba ambayo hakuna ajuaye ilimwagwa oili lini. Nashangaa pia kwamba mtu anatafuta dawa ya kusafisha ilhali mkanda wa taimingi wa injini hiyo hiyo, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, hajui una umri gani. Ukikatika, vali zinagonga pistoni, na mjadala wa moshi unakwisha.

MUUZA SPEA: Na mimi nifanyeje, nifunge duka? Wateja wanaulizia.

MWALIMU: Wauzie, ila usome lebo nao. Ni ya dizeli au petroli? Inatosha lita ngapi za mafuta? Tarehe ya mwisho ipo? Nani ameiingiza nchini? Chupa isiyo na hayo inawezekana ni feki, na Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa hizo. Ukimwambia mteja "pima kwanza, ukirudi nitakuuzia", atarudi kwako na kwa filta pia.

MUUZA SPEA: Filta nitazileta zaidi. Chupa za oili nitawauzia wanaokuja na fundi wao.

FUNDI: Hapo tutaelewana. Bwana mkubwa, lete pikapu Jumatatu asubuhi, isiwashwe kabla. Nataka kuona inavyowaka ya baridi. Mgandamizo ukiwa juu ya 25 kwa zote nne, na moshi ubaki baada ya filta mpya, mimina chupa moja ya tenki, tembea nayo wiki mbili bila mzigo mkubwa. Usipoona tofauti, tunazifungua nozo nne, unazipeleka Bukoba kwa basi kwenye mfuko, fundi pampu anazipima kwenye mashine ya mkono, anaona zinafungukia baa ngapi na zinapulizaje. Pikapu si lazima isafiri.

MWENYE PIKAPU: Hilo la kupeleka nozo peke yake hakuna aliyewahi kuniambia. Na ikisoma chini ya 20?

FUNDI: Basi chupa usinunue kabisa. Anza kuweka fedha ya ringi, na mpaka siku hiyo pikapu ibebe nusu mzigo.

MAMA WA NDIZI: Nusu mzigo kwa nusu nauli.

MWENYE PIKAPU: Nusu nauli, mama. Jumatatu jioni nitakupigia nikwambie imesoma ngapi, ndipo uwaambie vijana wakate au wasubiri.